Kwanza Neno, Kisha Salamu: Tata Polycarpe Kitenge Arudisha Redio

Imeandikwa na Adolphine Mbelu, topografu (mpima ardhi), kwa niaba ya timu ya barabara na mifereji

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minne katika kampuni yetu, Tata Polycarpe Kitenge, baba yetu kazini na msimamizi wa ujenzi wa barabara na mifereji, atarudisha redio yake ya mawasiliano na kofia yake ngumu, kisha ataenda nyumbani kwake mtaa wa Manika, hapa Kolwezi, kupumzika. Wanaomjua wanajua kwamba hataondoka kimyakimya. Amekwisha kuomba nafasi ya kuhutubia, ofisi imemsihi asizidi robo saa, naye amejibu kwamba robo saa itamtosha kwa salamu tu. Kwa hiyo tumeona ni busara tuandike habari zake kabla hajashika kipaza sauti.

Alizaliwa Kabongo, kaskazini mwa Katanga, katika nyumba ya mwinjilisti. Baba yake alimlea kwa mambo mawili, Kifaransa kisicho na doa na salamu isiyokatizwa, na mtoto aliyashika yote mawili kama mtu aliyepewa urithi. Alifika Kolwezi akiwa kijana mwenye diploma ya ujenzi na suti moja ya kijivu. Kazi yake ya kwanza kwetu ilikuwa kuchanganya zege kwa koleo, na wazee wanasema alikuja siku ya kwanza na ile suti. Baadaye akawa kapita, yaani mnyapara, wa waashi, kisha msimamizi, na suti ikahamia kanisani.

Alama za mikono yake zimetapakaa mji mzima, ingawa watu wengi hupita juu yazo bila kujua. Kuna mfereji mpana karibu na soko la Manika ambao yeye ndiye aliyeujenga, na tangu ulipokamilika mvua ikija akina mama wauza sombe, majani ya muhogo, hawakimbii tena na mabeseni kichwani. Kuna kipande cha barabara ya kwenda Nzilo kilichokuwa kikimeza malori kila mwaka, ambacho sasa kinapitika hata Februari. Kuna ukuta nyuma ya shule moja ya msingi ambao wakubwa walisema hautamaliza misimu miwili ya mvua. Ukuta bado umesimama, na Tata Polycarpe hupita kuutazama kila Jumapili baada ya ibada, akiwa na mkewe na mtu yeyote atakayekubali kuandamana naye.

Hakuwa mnyenyekevu, na hatutamsingizia unyenyekevu leo. Alipenda kusifiwa, alipenda viatu vilivyong'arishwa, na ripoti zake za Kifaransa zilikuwa za kusomwa mtu akiwa amesimama. Ripoti yake moja kuhusu tairi lililopasuka iliandikwa kwa uchungu mkubwa kiasi kwamba katibu wa ofisi, Mama Odile, aliuliza mazishi yatakuwa lini.

Lakini aliwajua watu wake. Kila asubuhi, kabla ya maelekezo ya usalama, alipita mbele ya kila mmoja na kumsalimu kwa jina. Mulilamuka bien? Ku nyumba iko namna gani? Ule mutoto wa malaria, alipata nafuu? Wageni waliona ni kupoteza wakati. Hata hivyo ni katika salamu hizo alipogundua kwamba Samy, fundi wetu wa mabomba, amekuja na homa na anaificha asikose siku, akamkatalia kushuka shimoni. Mimi mwenyewe, siku nilipofika na darubini yangu ya kupimia, mwanamke wa kwanza katika timu ile, wengine walikuwa wakingojea kuona nitalia lini. Yeye aliuliza habari za mama yangu, za dada zangu na za safari, kisha akanikabidhi nyundo na vigingi akaniambia kazi inaanza saa moja.

Sababu ya kujali hivyo hakuificha. Kazi ya kuchimba mitaro ni kazi ya kuweka watu chini ya udongo na kuomba udongo utulie. Katika miaka yake yote hakuna mtu aliyefia kwenye mtaro wake, na jambo hilo alilishikilia kuliko cheo, kuliko mshahara, kuliko hata Kifaransa chake. Alikuwa akituambia tena na tena, wakati mwingine tukiwa tumechoka kusikia: “Batu bangu bote barudie kwabo. Mi siko na ile nguvu ya kwenda ku nyumba ya mutu na kofia yake ku mukono.” Alitaka kustaafu akiwa ameirudisha kila roho aliyoipokea. Hilo ndilo lililokuwa hatarini, na kilicholiweka hatarini kilikuwa Kiingereza.

Miaka michache iliyopita kampuni ilipata washirika wapya kutoka nje. Wahandisi wakabadilika, waendesha mashine wakubwa wakabadilika, na amri ikatoka kwamba kwenye redio itatumika lugha moja tu, Kiingereza. Kila msimamizi wa machimbo ya kina alitakiwa awe na uwezo wa kutoa onyo la hatari kwa lugha hiyo, kwa sauti yake mwenyewe, bila mkalimani. Atakayeshindwa mtihani angehamishiwa bohari kuhesabu misumari, na watu wake wangepewa msimamizi mwingine.

Tata Polycarpe hakuanza vizuri. Kwake Kiingereza kilikuwa lugha ya madereva wa malori wanaopitia mpaka wa Kasumbalesa, inayofaa kuulizia bei ya mafuta na kugombana na polisi. “Mi nilisoma Kifaransa na fimbo,” alisema, “hii ingine ni ya nini tena ku buzee?” Kwa wiki kadhaa alivaa redio kifuani kama nishani na kuitikia kwa kichwa kila ilipokoroma.

Kilichombadilisha ni hofu, na aliikiri mwenyewe. Siku moja mwendesha mashine ya kuchimbia na mhandisi walizungumza kwa redio, na dakika hiyohiyo ndoo ya mashine ikapita juu ya vichwa vya vijana wake. Hakuna kilichoharibika, kila kitu kilikuwa kimepangwa. Lakini yeye alikuwa amesimama pale akitabasamu na kuitikia kwa kichwa, bila kujua ni nini kimesemwa juu ya watu wake. Jioni ndani ya gari hakuongea mpaka tulipofika Manika, na kwa yeyote aliyewahi kupanda gari moja naye, hiyo ni habari ya kutangazwa. Kesho yake alijiandikisha darasani.

Darasa lilikuwa ndani ya kontena lililotobolewa madirisha, na mwalimu alikuwa Mademoiselle Jémima, binti kutoka Lubumbashi, mpole wa sauti lakini asiyeyumba. Tata Polycarpe alikaa mbele kabisa, akiwa mkubwa kuliko wote, na viatu vikimeremeta. Maneno hayakumsumbua. Msingi, mteremko, ufa, maji ya chini ya ardhi, nguzo, kuporomoka: aliyameza yote, akayatoa kwa lafudhi yake ya Kabongo na madaha ya Kifaransa. Baada ya miezi michache aliweza kueleza mchoro mzima wa kalvati kwa Kiingereza, na alitueleza bila sisi kumwomba.

Tatizo lilikuwa kwamba hakuweza kuanza. Kwa malezi yake, mtu hamwambii mwenzake jambo kabla hajamsalimu, na hasa mkubwa wake. Kumrukia mtu na neno tupu ni kumfanya ng'ombe. Na kukatiza mazungumzo ya wakubwa, hilo hata mlevi wa Kabongo halifanyi. Basi alipotafsiri moyo wake katika Kiingereza, alitafsiri pamoja na salamu zote.

Matokeo yalionekana siku ya kumimina sakafu ya karakana. Lori la zege lilikuwa likirudi nyuma kuelekea sehemu iliyomiminwa asubuhi, ambayo ilikuwa bado laini. Tata Polycarpe aliliona mapema kuliko sote. Alichukua redio na, kwa Kiingereza safi, akamtakia mhandisi mkuu asubuhi njema, akamuuliza kama amelala vizuri, akaulizia mkewe na watoto walioko Australia, akatumaini kwamba baridi ya huko si kali. Alipofika kwenye habari ya lori, magurudumu ya nyuma yalikuwa yamezama kwenye sakafu yetu mpya. Mhandisi, mtu wa maneno machache na asiye na hasira, alisema tu kwamba familia yake haijambo.

Tulicheka, nani angeweza kujizuia? Yeye hakucheka. Alituambia kwamba safari hii ni sakafu, safari nyingine itakuwa mtu. Afisa wa usalama aliona vilevile, na akashauri ahamishiwe bohari mara moja. Mhandisi mkuu aliomba aachwe mpaka mtihani wa mwisho wa Januari. Nadhani ile salamu ilikuwa imemgusa, kwa maana hakuna mtu mwingine Kolwezi aliyewahi kumuulizia wanawe.

Hapo ndipo Jémima alipofanya kazi ambayo kampuni inapaswa kumshukuru kwayo. Hakumwambia aache salamu. Alijua kwamba kumvua Tata Polycarpe salamu ni kumvua shati mbele ya watu. Alimwambia abadilishe mpangilio: kwanza neno, kisha salamu. Neno la hatari litangulie, halafu watu wakishakuwa salama awasalimu mpaka jua litue akitaka. Alilieleza kama deni la heshima: salamu haifutwi, inacheleweshwa tu. Mzee alifikiri siku nzima, akasema hilo linaweza kuingia kichwani.

Mazoezi aliyafanyia nyumbani, na pole zetu zimwendee mkewe, Mama Micheline. Mezani alianza kuamuru kwa Kiingereza kikavu kwamba maji yaletwe, kwamba mlango ufungwe, kwamba chumvi isogezwe. Mama Micheline alivumilia jioni ya kwanza. Jioni ya pili aliondoa sahani ya bukari, ugali wetu, ikiwa bado imejaa, akasema itarudi pamoja na adabu. Kwenye kikao cha wazee wa kanisa alimkatiza mwenyekiti katikati ya sentensi, kisha akasimama na kumsalimu kwa dakika nzima, na wazee wakaanza kumwombea. Siku nyingine, akiwa nyuma ya pikipiki ya taxi-moto katikati ya Manika, aliamua kujaribu amri yake ya kusimamisha mashine. Aliitoa kwa sauti yote. Dereva alifunga breki papo hapo, kofia ya mzee ikaruka hadi kwenye karanga za mama mmoja, na yeye akashuka akiwa na furaha kubwa mno, akamlipa dereva na kumuuliza habari za nyumbani.

Januari ilifika na mvua zake. Tulikuwa kwenye mgodi mmoja upande wa Mutoshi, tukizika mabomba makubwa ya kupitishia maji chini ya barabara ya malori. Mtaro ulikuwa na kina kupita kimo cha mtu, na kingo zake zilikuwa zimelazwa kwa mteremko kama michoro ilivyotaka. Jambo ambalo hakuna aliyelijua, kwa kuwa halikuwa kwenye ramani yoyote, ni kwamba pembeni palikuwa na mtaro wa zamani uliofukiwa, na maji ya mvua yalikuwa yakiulowesha polepole kutoka chini. Ndani ya mtaro wetu walikuwamo Glodi na Merdi wakiunganisha mabomba. Juu, mwendesha mashine kutoka Afrika Kusini alikuwa amebeba bomba jingine, na mhandisi mkuu alikuwa akimwelekeza kwa redio asogee karibu zaidi na ukingo.

Tata Polycarpe aliuona ufa. Ulikuwa mwembamba, wa kupitisha kisu, kati ya mashine na mtaro, lakini ulikuwa unatembea. Angeweza kupiga kelele, na kelele zake zingewafikia Glodi na Merdi, lakini zisingemfikia mtu aliyefungiwa ndani ya vioo na muungurumo. Mashine ikisogea hatua moja zaidi, ukingo wote ungeshuka pamoja nayo juu ya wale wawili. Redio peke yake ndiyo ingefika. Na kwenye redio wakubwa wawili walikuwa wakizungumza.

Baadaye alinieleza kwamba alimsikia baba yake marehemu akimwambia angoje zamu yake. Mhandisi aliachia kitufe kusubiri jibu la mwendesha mashine, na Tata Polycarpe akaingia kati yao. Hakutaja jina lake. Hakusema tafadhali. Kwa Kiingereza kikavu kama mfupa aliamuru mashine isimame na isiguse kitu. Kisha akageuka kwenye mtaro na kuwaambia wale wawili kwa lugha yao: “Tokeni! Acheni yote, tokeni!”

Mkono wa mashine uliganda palepale. Merdi alipanda ngazi kama nyani. Glodi, kwa sababu anazozijua mwenyewe, aligeuka kuchukua chombo chake cha chakula, na Tata Polycarpe akamwambia kwa Kiluba maneno ambayo hatutayaandika hapa kwa heshima ya familia ya mwinjilisti. Glodi akaacha chakula, akapanda.

Ukingo ulishuka akiwa amekwisha kusimama juu. Haukuwa na kishindo kikubwa. Udongo ulimiminika mzito na mwekundu, ukafunika bomba, ukafunika ngazi, ukafunika mahali walipokuwa wamepiga magoti. Mashine ilitikisika lakini ikabaki ilipo.

Kisha redioni tukasikia sauti ya Tata Polycarpe, katika Kiingereza chake cha siku kuu. Alimwambia mhandisi mkuu kwamba watu wake wote wametoka. Halafu akamtakia asubuhi njema, akamuuliza kama amelala vizuri kwa mvua ile, akaulizia mkewe, akaulizia watoto. Mhandisi alipojibu, sauti yake haikuwa ile tunayoijua. Alisema wote hawajambo, anashukuru, na akauliza, kwa mara ya kwanza tangu aje Kolwezi, Mama Micheline anaendeleaje.

Tata Polycarpe alikaa juu ya bomba akalia mbele yetu sote, bila kujificha. Glodi alikaa kando yake na kumshika bega. Hakuna aliyecheka wala kuona aibu, na wengine tuliomzunguka tulikuwa tukilia pia, kwa raha ya kuwaona wale wawili wakiwa na matope hadi masikioni na wakipumua.

Mhandisi mkuu alitaka kumsamehe mtihani. Tata Polycarpe alikataa katakata, akasema yeye si mtu wa kupewa cheti kwa huruma. Alivaa suti ya kijivu, akafanya mtihani, akafaulu, na cheti hicho sasa kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni. Afisa wa usalama alikuwa wa kwanza kumpa mkono, na tangu hapo maneno ya Jémima yamekuwa kanuni kwenye machimbo yetu yote: kwanza neno, kisha salamu. Wageni nao wamejifunza nusu ya pili. Siku hizi ukisikiliza redio yetu saa moja asubuhi utasikia mtu kutoka Perth akiuliza habari za mtoto wa mtu kutoka Malemba.

Kwa hiyo tunamshukuru. Tunamshukuru kwa mifereji, kwa kuta na kwa barabara. Tunamshukuru kwa kukubali, akiwa na mvi na sifa zake zote, kuketi kwenye benchi la kontena na kuanza upya na neno la kwanza. Tunamshukuru Mademoiselle Jémima aliyemfundisha, na tunamshukuru Mama Micheline kwa uvumilivu na kwa sahani zilizorudi. Timu anamwachia Merdi, ambaye Kiingereza chake ni kibovu kidogo lakini sauti yake inasikika.

Jambo la mwisho tumeambiwa na Mama Micheline, naye ametupa ruhusa kulisema. Katika ndoa yao yote, mvua ilipoanza kupiga mabati, mumewe aliamka na kukaa kitandani mpaka asubuhi, akiwaza mtaro gani uko wazi na nani atashuka ndani yake. Hata siku za likizo alifanya hivyo. Wiki iliyopita, baada ya kukabidhi mtaro wake wa mwisho uliofukiwa na kushindiliwa, mvua kubwa ilinyesha Kolwezi, ya radi na upepo. Mama Micheline aliamka yeye. Alimtazama, akadhani anaumwa, akamgusa paji la uso. Mzee alikuwa amelala usingizi mzito.

Tata Polycarpe, hatuna zawadi ya kushinda hiyo, nasi tunaiombea idumu. Acha inyeshe. Wewe jifunike, ulale: watu wako wote wako nyumbani.